Neema Haiuzwi Kariakoo

Twaandika habari hii kwa sababu ya maneno mawili yanayosemwa sana siku hizi katika mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, nayo yametoka huko yakafika hata vijijini kwa njia ya redio, na simu, na vijana wanaorudi nyumbani wakati wa Krismasi. Neno la kwanza lasema ya kuwa uzima mpya wa Mungu hupatikana kwa kutoa kitu: kununua chupa ya mafuta, au maji yaliyoombewa, au chumvi, au kitambaa, au kupanda sadaka iitwayo mbegu. Neno la pili lasema ya kuwa mtu akiisha kuokoka, mambo ya roho yana mahali pake na biashara ina mahali pake, wala mizani yake haina habari na wokovu wake. Wenye neno la kwanza na wenye neno la pili hawapendani. Husengenyana, na mara nyingine huchekana mbele za watu. Walakini sisi waalimu tukiyatazama maneno yao twaona ya kuwa ni watoto wa mama mmoja, na mama yao ni kutoijua neema.

Kwanza tuutazame mji wenyewe, maana mahali nako hufundisha. Jina la Kariakoo halikutoka katika biashara. Wadachi walijenga banda la soko mahali pale karibu na mwanzo wa vita ya 1914. Waingereza walipoutwaa mji mwezi wa Septemba 1916, uwanja ule ukawa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, waitwao Carrier Corps, na jina hilo katika kinywa cha watu likageuka kuwa Kariakoo. Wapagazi wale walichukuliwa vijijini maelfu kwa maelfu, wengi wao kwa nguvu, wakatwishwa risasi na unga na mahema ya wengine. Na maelfu yao wakafa njiani, si kwa bunduki hasa, bali kwa homa na kuhara na njaa. Basi soko kubwa kupita yote katika nchi yetu lina jina la watu waliochukua mizigo isiyo yao. Wangapi katika wale wauzao na kununua pale leo wamelifikiri jambo hilo? Makuli na wasukuma mikokoteni huenda walijua zaidi kuliko wenye maduka.

Sasa ni mahali ambapo kila kitu kina bei. Vitenge, sufuria, vyerehani, dawa ya panya, simu, mbegu za mchicha, nguo za harusi na sanda za maiti, vyote hupatikana hatua chache toka kimoja hata kingine. Hata kipande cha ardhi cha kutandika turubai pana mwenyewe. Hatuwalaumu watu kwa hayo. Soko ni kazi njema, nasi wa vijijini twaishi kwa hilo, maana kabichi za Lushoto na viazi vya Njombe na nyanya za Mgeta vingeoza mashambani kama mji haungevila. Lakini mtu aliyezaliwa na kulelewa katikati ya bei ana shida kubwa ya kusadiki kitu kisicho na bei. Ukimwambia, Chukua bure, hutazama nyuma yake kuona mtego uko wapi. Nao wahubiri wa namna fulani wameujua udhaifu huo, wakaweka bei, na watu wakapumua kwa furaha, kwa kuwa sasa wamesikia lugha waliyoizoea.

Kosa hili si geni. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, tunaye Simoni wa Samaria, ambaye tayari alikuwa amebatizwa, akaona nguvu za Roho zikitolewa kwa kuwekewa mikono, akafungua mfuko wake. Petro alimjibu kwa ukali ambao hakumwonyesha hata yule askida wa Kirumi Kornelio, mtu wa mataifa. Kwa nini ukali namna ile? Wengi hudhani ya kuwa uovu wa kuuza vitu vya Mungu ni huu tu, kwamba maskini hunyang'anywa fedha yake. Hilo ni kweli, tena ni dhambi ya kutosha. Lakini ubaya wake wazidi hapo. Anayenunua kitu hupata haki ya kudai. Akiisha kulipa, mwenye duka ni mdeni wake mpaka atakapompa mzigo. Basi anayenunua baraka amemfanya Mwenyezi Mungu kuwa mdeni, na yeye mwenyewe kuwa mdai. Naye hawezi tena kupokea neema, kwa maana neema humjia mwenye deni aliye mikono mitupu, haimjii mdai.

Na angalieni jinsi biashara hii ilivyo mbaya hata kwa kanuni za biashara. Ukinunua redio katika mtaa wa Aggrey, ikanyamaza kesho yake, waweza kuirudisha, na muuzaji mwenye haya ataitengeneza au atakupa nyingine. Ukinunua chupa ya mafuta ya baraka, mtoto asipone, duka lisipate wateja, mume asirudi, huambiwa ya kuwa imani yako ilikuwa haba. Muuzaji hana kosa kamwe. Mwenye kosa ni mnunuzi siku zote. Hakuna mchuuzi wa Kariakoo, hata yule mjanja kupita wote, aliyethubutu kuuza kwa masharti kama hayo.

Tena watu wamekufa kwa ajili ya jambo hili. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, mkutano ulikuwa umekwisha kukusanyika, na watu wakaambiwa wakanyage mafuta yaliyobarikiwa. Wakakimbilia pamoja, wakaangushana, wakakanyagana. Watu 20 wakafa, na watoto wakiwa miongoni mwao. Waliokuja kutafuta uzima walikufa chini ya miguu ya wenzao waliokuwa wakitafuta uzima uo huo. Na kisa cha kukimbia kilikuwa nini? Walidhani ya kuwa neema ni kidogo, kama maji ya bomba wakati wa kiangazi, na atakayechelewa atakosa. Kama wangalifundishwa ya kuwa Mungu hapungukiwi, wangalitembea polepole. Hapo twawalaumu waalimu kuliko watu, nasi waalimu hatujitoi katika lawama hiyo.

(Wengine watatukumbusha Samunge, huko Loliondo, ambako mwaka 2011 watu wengi mno walikwenda kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Sisi hatuliweki jambo lile katika kundi hili. Bei ile ilikuwa ndogo, na kile kilichotolewa kiliitwa dawa ya mwili, hakikuitwa kuzaliwa mara ya pili. Lina maswali yake, lakini si maswali ya leo.)

Sasa na tulitazame neno lenyewe la wokovu, kwa kuwa sisi ni waalimu wa lugha pia, na Kiswahili kimetutendea wema kwa kutupa maneno kadha pale ambapo lugha nyingine zina moja. Twasema kuokoa, na kuokoka, na kuokolewa. Aokoaye ni mmoja, naye hatajwi katika neno kuokoka. Ukisema, Nimeokoka, msikiaji asikia habari zako tu: ulikuwa hatarini, sasa u salama. Ukisema, Nimeokolewa, papo hapo msikiaji auliza, Na nani? Hatusemi ya kuwa neno la kwanza ni baya. Limo katika Maandiko yetu, na wazee wetu walilitumia kwa unyenyekevu. Lakini katika mji huu neno nimeokoka limekuwa kama cheo. Mtu hulitaja jinsi mwingine anavyotaja shahada yake au gari lake, na mara nyingine huliandika juu ya duka. Twaona afadhali kwa muda tujizoeze kusema lile neno la pili, ili swali la Na nani lipate kuulizwa.

Wakazi wa Kariakoo hawahitaji mfano wa mbali ili kuijua tofauti hiyo. Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi, jengo la maduka lilianguka karibu na mtaa wa Mchikichi na mtaa wa Kongo. Watu wasiopungua 29 walikufa, Mungu awape pumziko, na zaidi ya 80 walitolewa wakiwa hai. Waliokuwa chini walikuwa hawawezi kuinua hata tofali moja. Zege lililala juu yao. Waliweza kuita tu. Wale waliokuwa juu, askari na vijana wa mitaani na makuli, walichimba kwa mashine na kwa mikono, mchana na usiku, siku baada ya siku. Je, yuko aliyeuliza aliye chini, Wewe ni wa dini gani, Una kiasi gani mfukoni, Je, wastahili kutolewa? Na yule aliyetolewa akifika juu kwenye mwanga, angewezaje kusema kwamba alijitoa kwa nguvu zake, ama alilipa nauli? Hiyo ndiyo habari ambayo Mtume Paulo anawaandikia Waefeso katika sura ya pili: walikuwa wafu, wakahuishwa pamoja na Kristo, na kazi ile haikutoka kwao, asije mtu akajisifu. Wala Mtume hasemi walikuwa wagonjwa, ambao huenda wakajikokota hata hospitali. Asema wafu.

Basi tukisema bure, hatusemi ya kuwa uzima ule haukugharimu kitu. Hapa pia Kiswahili chatusaidia, na historia ya pwani yetu yatusaidia kwa uchungu. Neno kukomboa, babu zetu walilijua sokoni kabla hawajalisikia kanisani. Mkunazini, Unguja, palikuwa na soko ambalo bidhaa yake ilikuwa watu. Lilifungwa mwaka 1873, na juu ya kiwanja kile kile Kanisa la Kristo likajengwa katika siku za Askofu Steere. Mtu aliyesimamishwa pale alikuwa na bei, lakini bei ile haikuwa ikitoka kwake. Mfuko wake mwenyewe ulikuwa umekwisha kuchukuliwa pamoja na jina lake na kijiji chake. Kama alikombolewa, alikombolewa kwa mali ya mwingine. Katika nchi yetu ya bara utumwa haukufutwa kwa sheria hata mwaka 1922, kwa hiyo wengine wetu tuliwaona kwa macho wazee ambao wazazi wao walikuwa na bei. Wao hawakuhitaji kueleweshwa neno ukombozi. Sisi ndio tunaohitaji, na kwa sababu tumelisahau, twakubali kuuziwa tena kile ambacho kilikwisha kulipiwa.

Hapa wenye neno la pili watapiga makofi. Watasema, Naam, waalimu wamesema vema; neema ni bure, nasi tumeipokea bure, hatununui mafuta wala chumvi. Watuwie radhi, kwa kuwa sasa twageukia upande wao, nao tutakaa nao zaidi.

Kila mkulima asomaye gazeti hili ajua maana ya lumbesa. Gunia hujazwa hata mdomoni, kisha hushonewa kilemba cha majani au cha wavu juu yake, likaongezewa debe moja au mawili au zaidi, na bado huitwa gunia moja, na bei yake ni ya gunia moja. Sheria ya vipimo yakataza gunia la mazao kupita kilo 100, lakini magari huingia mjini usiku yakiwa na magunia yenye vichwa viwili. Mnunuzi akifika mjini hulifungua gunia lile lile na kuuza kwa kilo, tena kwa kilo ya mizani yake mwenyewe. Anunuapo kipimo ni kikubwa, auzapo kipimo ni kidogo. Nabii Amosi aliwakuta watu wa namna hiyo hasa, waliongoja sabato ipite ili wapate kupunguza kibaba na kuikuza bei, naye akawaambia neno la Bwana ambalo hatulirudii hapa. Kila mtu na alisome mwenyewe katika sura ya 8, akiwa amekaa.

Watu hawa leo wako wapi siku ya Jumapili? Wengi wao wako kanisani, tena viti vya mbele. Baadhi yao wamo katika kwaya na katika kamati za ujenzi. Pakiwa na harambee ya kuezeka paa, mwenye lumbesa ndiye mgeni wa heshima, naye hutoa fedha nyingi, na mchungaji humshukuru kwa jina, na waumini hupiga vigelegele. Bati zile zimetoka wapi? Nyingine zimetoka Mgeta, katika madebe yaliyokaa juu ya magunia. Mjane aliyelima nyanya zile ametoa sadaka kubwa kuliko yule mgeni wa heshima, ila hakuulizwa, wala hakutajwa jina.

Na yako mengine. Risiti huandikwa shilingi elfu kumi kwa mzigo wa laki moja. Kitambaa hupimwa kikiwa kimevutwa mpaka kilie. Betri iliyotengenezwa ovyo huvalishwa jina la kampuni njema. Mkulima naye asijidhani kuwa mtakatifu kwa sababu yu mbali na mji: mchanga katika pamba, kokoto katika magunia ya korosho, maji katika maziwa, ni nani asiyelijua hilo? Lakini yule wa mjini ndiye tunayesema naye leo, kwa sababu yeye ndiye anayesema kwa sauti kubwa kwamba amezaliwa mara ya pili.

Twamwuliza hivi. Bwana Yesu alipoingia katika nyumba ya Zakayo, kule Yeriko, ni kitu gani kilichotangulia? Zakayo alikuwa mtoza ushuru, mkubwa wa watoza ushuru, naye alikuwa na lumbesa ya namna yake. Hakuambiwa, Rudisha kwanza, kisha nitakuja kwako. Bwana alimwita kwa jina akiwa bado juu ya mti, na mali ya watu ikiwa bado nyumbani mwake. Hiyo ni neema, nayo haikuwa na bei. Walakini, alipokwisha kuingia, Zakayo alisimama mwenyewe, pasipo kuulizwa, akaanza kuhesabu: nusu ya mali kwa maskini, na waliodhulumiwa mara nne. Wenye neno la kwanza wangaligeuza hesabu ile kuwa kiingilio, wamtoze Zakayo kabla ya kumshusha mtini. Wenye neno la pili wangalimwacha ashuke, ale karamu, aimbe, kisha kesho yake arudi katika meza ya ushuru kama jana. Injili haimjui Zakayo wa kwanza wala Zakayo wa pili.

Tena mambo haya hayakuishia Yeriko. Yalitokea karibu nasi. Mwaka 1929, katika kilima cha Namirembe, Uganda, daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa na hospitali huko Gahini katika Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi, mtu wa Buganda, wakasoma Maandiko pamoja na kuomba. Daktari alikuwa amechoka na ukavu wa roho yake; Nsibambi naye alikuwa akitafuta. Katika miaka iliyofuata uamsho ukaanza Gahini, ukaenda Kigezi na Buganda na Burundi, na kabla ya miaka ya 1930 haijaisha ulikuwa umeingia Bukoba, katika nchi yetu. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu kama sisi. Alifundisha wainjilisti pale Gahini, akafa mwaka 1936 akiwa bado kijana, akiwa amekwenda Uganda kuwasihi wakubwa wa kanisa waamke. Waliomsikia walikuwa wamebatizwa zamani, wengi wao ni watoto wa Wakristo. Hawakuhitaji dini mpya. Walihitaji ile waliyokuwa nayo iwe hai.

Na watu wa nje waliujuaje uamsho ule? Waliujua hasa kwa vitu vilivyorudishwa. Wenye maduka waliona watu wakija na fedha ya kitu walichoiba miaka mingi iliyopita. Wenye kazi walirudishiwa vyombo. Wengine walirudisha ng'ombe. Watu walikwenda kwa adui zao kuomba radhi, Mwafrika kwa Mzungu na Mzungu kwa Mwafrika, jambo ambalo katika nyakati zile lilikuwa gumu kupita kurudisha ng'ombe. Festo Kivengere, mwalimu wa Kigezi ambaye baadaye alifundisha Dodoma na mwisho akawa askofu, alipookolewa alipanda baiskeli, akasafiri mwendo mrefu kwenda kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akimchukia, ili amwambie ya kuwa alimchukia na ya kuwa sasa hamchukii tena. Hakuna aliyewaambia watu wale kwamba wakirudisha watasamehewa. Walirudisha kwa kuwa wamesamehewa, na kitu cha mwizi kilikuwa kikiwaunguza mkononi.

Hatusemi ya kuwa watu wale hawakuwa na makosa. Walikuwa wepesi kumhukumu mtu asiyeungama kwa namna yao, na mara nyingine walijitenga kana kwamba kanisa ni lao peke yao. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha Mukono kwa sababu ya ugomvi kati yao na wakuu wa chuo, na hata leo wataalamu hawapatani ni upande upi uliokosa zaidi. Walakini mwenye duka aliyerudishiwa fedha yake hakuwa na haja ya mtaalamu.

Sasa twajua jibu la mfanyabiashara, kwa maana tumelisikia mara nyingi, naye halitoi kwa dhihaka, hulitoa kwa huzuni. Husema: Waalimu wangu, ninyi mwala mshahara. Mimi nina kodi ya chumba, kodi ya serikali, ushuru, mlinzi, kuli, na ada za watoto. Jirani yangu anunua lumbesa. Nikikataa, mkulima atamwuzia yeye, nami nitafunga duka, na wanangu watalala njaa. Je, Mungu ataka hivyo?

Hatumdharau anayesema hivi. Shida za wafanyabiashara wa Kariakoo ni za kweli. Mwezi wa Mei 2023 walifunga maduka yao kwa ajili ya manung'uniko ya kodi, hata Waziri Mkuu akaenda kuwasikiliza, na mengi waliyosema hayakuwa ya uongo. Wala hatutamwambia ya kuwa akiwa mwaminifu Mungu atamwongezea wateja. Hiyo ndiyo hila ya wenye neno la kwanza, nasi hatutaiingiza kwa mlango wa nyuma. Huenda akapata hasara. Huenda duka likafungwa. Soko lile kubwa la Kariakoo, lililojengwa kwa ufundi wa Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na moto haukuchagua kati ya mwenye mizani ya haki na mwenye mizani ya hila, wala kati ya aliyepaka mafuta kizingitini na asiyepaka. Hatuahidiwi duka. Lakini twamwomba alitazame neno lake mwenyewe. Asema hawezi kuishi bila kuiba kidogo. Hiyo ni sauti ya mtu aliye chini ya zege, ambaye bado hajatolewa, naye amezoea giza hata amelipa jina la nyumba. Kama ndivyo, na aite, kama walivyoita wale wa mtaa wa Mchikichi. Asijifanye yuko juu pamoja na waimbaji. Aitaye husikiwa. Aliye chini akasema, Mimi niko juu, nani atamchimbia?

Wako nao walimu wa dini watakaotuonya tusiseme neema kwa nguvu namna hii, maana watu watalegea, watatenda dhambi ili neema izidi. Mtume Paulo aliulizwa hivyo hivyo, akajibu katika Warumi sura ya 6. Wala hakujibu kwa kuipunguza neema, bali kwa kuuliza mfu anaishije katika yale aliyoyafia. Twaona ya kuwa waonyaji hawa wameogopa kitu kisicho cha kuogopwa. Katika Kariakoo watu hawakulegea kwa kusikia neema mno. Walilegea kwa kuwa waliuziwa mfano wake, na kitu cha mfano hakina nguvu, kama zile betri tulizozitaja.

Kwa wachungaji na wazee wa kanisa tuna neno moja, kisha tutawaacha. Mwataka karani wa usharika awe na hesabu safi, na mkono wake ukipunguza sadaka mwamwondoa katika kazi, vema. Basi mwulizeni na mgeni wa heshima wa harambee ijayo, faraghani, kwa upole, kama Nathani alivyokwenda kwa Daudi, habari za magunia yake. Akikasirika na kwenda kanisa lingine pamoja na bati zake, na mvua itunyeshee. Tumekwisha kunyeshewa zamani, tulipokuwa tukisali chini ya mwembe, na wakati ule watu walikuwa wakirudisha ng'ombe.

Na kwako wewe ndugu yetu wa Kariakoo uliyeokolewa kweli, ambaye umesoma hata hapa bila kulitupa gazeti, hesabu yako si ngumu, nasi tutakusaidia kuianza, kwa kuwa kazi yetu ni kufundisha hesabu. Gunia moja la lumbesa, tuseme, lina kilo 130, nawe ulilipa kilo 100. Magunia 20 katika gari moja ni kilo 600. Kijiji wakijua. Wenye mashamba wawajua, wengine kwa majina ya watoto wao, maana umekula ugali nyumbani kwao ukingoja gari lipakiwe. Gari lile hurudi mlimani likiwa tupu, na dereva ana nafasi ya mtu mmoja mbele.